Madoa yaliyotangulia UKIMWI

Barua iliyozaa maelezo ya wiki hii imetoka Mikumi. Aliyeiandika ni mama ntilie mwenye genge karibu na stendi, pale mabasi na malori ya Iringa, Mbeya na Zambia yanapovuta pumzi baada ya kuvuka mbuga. Anasema baba yake mkubwa, mzee wa miaka sabini na kitu anayeishi upande wa Kilosa, ametokwa na madoa meusi yenye uvimbe kwenye nyayo na vifundo vya miguu. Majirani wamekwishatoa hukumu kwamba huo ni UKIMWI. Vijana wa mzee wanaona haya kumpeleka hospitali, na mzee mwenyewe amejifungia ndani. Mama huyu anauliza swali moja tu, na ameliandika kwa herufi kubwa: JE, NI LAZIMA IWE UKIMWI?

Jibu fupi ni hapana, si lazima. Lakini jibu fupi halitamtoa mzee huyo ndani, kwa sababu majirani nao wana hoja yao, hawakuota ndoto. Kwa miaka zaidi ya arobaini sasa watu wamewaona vijana wao wakitokwa na madoa ya namna hiyo, kisha wakikonda, kisha wakizikwa. Anayetaka kuwajibu majirani hao inabidi aijue historia yenyewe, nayo ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Na kabla sijaendelea niseme kwamba mimi ni mtu wa redio, si daktari, na doa jeusi la mguuni laweza kuwa jambo jingine kabisa, kuanzia fangasi hadi kidonda cha kisukari. Ninachozungumzia hapa ni ugonjwa mmoja uitwao saratani ya Kaposi, kwa sababu ndio uliomo vichwani mwa majirani hata kama hawalijui jina lake.

Jina hilo ni la mtu. Mwaka 1872, mjini Vienna katika Austria, daktari wa ngozi Moritz Kaposi aliandika habari za wagonjwa wake 5, wote wanaume, waliokuwa na vinundu vya rangi ya zambarau na hudhurungi kwenye ngozi. Yeye mwenyewe alizaliwa Kaposvár huko Hungary, jina lake la ukoo likiwa Kohn, na hilo la Kaposi alilichukua kutoka kwenye mji wake. Basi kwa miaka mingi baadaye vitabu vya udaktari vya Ulaya viliutaja ugonjwa huu kama kitu adimu, ugonjwa wa wazee wa kandokando ya Bahari ya Kati na wa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, unaotambaa polepole miguuni kwa miaka mingi bila kumuua mtu haraka. Madaktari wengi walimaliza kazi hadi kustaafu bila kuuona hata mara moja.

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Miaka ya 1950 madaktari waliokuwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere, walianza kuandikisha kwa mpangilio kila saratani iliyoletwa. Ni Kampala hiyo hiyo iliyompa sifa Denis Burkitt kwa uvimbe wa taya za watoto. Kumbe ule ugonjwa adimu wa Vienna haukuwa adimu hata kidogo katika Uganda na Kongo ya mashariki. Ulikuwa miongoni mwa saratani za kila siku. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kwa ajili ya ugonjwa huo peke yake.

Tanganyika nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 1969 madaktari Slavin, Cameron na Singh walichapisha katika jarida la saratani la Uingereza taarifa ya wagonjwa 117 wa Kaposi kutoka Tanzania Bara. Mwaka uliofuata Slavin na Cameron, pamoja na wenzao, wakatoa taarifa nyingine ya watoto 51 wa Afrika Mashariki, na kwa watoto ugonjwa ulishika zaidi matezi kuliko ngozi. Ndugu msomaji, naomba uzitazame tarehe hizo kwa makini. Mwaka 1969 hapakuwa na neno UKIMWI katika lugha yoyote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu, watu 3, waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wale 117 walishaandikwa na kuhesabiwa miaka 14 kabla yake.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi upande wa Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa mkata mkonge katika ujana wake. Miguu yake ilikuwa na vinundu vyeusi tangu wazazi wetu wangali wadogo. Watu walimheshimu, walikunywa naye pombe kwenye kata moja, na akiulizwa habari za miguu yake alikuwa akijibu kwamba ni mkonge uliomchoma na kumwachia ukumbusho. Kisha zikaja zile picha za kampeni za UKIMWI zilizobandikwa kwenye kuta za zahanati. Katika muda wa mwaka mmoja hivi mzee aliyekuwa na miguu ile ile, na vinundu vile vile, akawa hana mtu wa kukaa naye. Kata yake ikatengwa, na watoto tukakatazwa kuchukua embe mkononi mwake. Alifariki baada ya miaka mingi, akiwa mkongwe kabisa, na wengi wa waliomtenga walikuwa wametangulia.

Sasa twende kwenye hoja ya majirani. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikamilika kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hifadhi ya Mikumi ilikuwa imekwishatangazwa mwaka 1964, na barabara ikaikata katikati kwa kilometa 50 hivi. Mikumi yenyewe ikawa kituo. Dereva na utingo wake walioondoka Dar es Salaam asubuhi walihitaji ugali, maji ya kuoga na mahali pa kulala, na mji mdogo ukajengeka juu ya mahitaji hayo. Hakuna aibu yoyote katika hilo, miji mingi duniani imejengeka hivyo. Lakini barabara inayobeba shaba na mafuta hubeba pia kilichomo ndani ya watu.

Mwisho wa safari ya malori hayo ni Zambia, na ni huko Lusaka ambako habari yetu ilibadilika. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Lusaka alikuwapo daktari wa upasuaji, mama Mwingereza aitwaye Anne Bayley. Yeye aliizoea Kaposi ya wazee, ile ya kutambaa, na kila mwaka alipokea wagonjwa wachache wa aina hiyo. Mwaka 1983 akaanza kuona kitu kingine. Walikuja vijana, wanaume kwa wanawake, watu wa mjini wenye kazi zao. Uvimbe ulikuwa mdomoni, kwenye matezi na mapafuni, tena dawa zilizokuwa zikiwasaidia wazee hazikuwafaa hawa, wakafa upesi. Alichapisha habari hizo mwaka 1984 katika jarida la Lancet. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, Julai 1981, taarifa ya serikali ya Marekani ilikuwa imeeleza juu ya vijana 26 wa New York na California waliopatwa na Kaposi ya ghafla, na hiyo ilikuwa mojawapo ya dalili za kwanza kabisa za UKIMWI kuandikwa mahali popote. Bayley aliunganisha mambo hayo mawili. Baadaye, nje ya mada kidogo, mama huyo aliacha kisu cha upasuaji na kuwa kasisi wa Kianglikana.

Kagera wakati huo ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha mtindo kilichovuka mpaka kutoka Uganda. Dar es Salaam vijana walifanya mzaha na herufi za Kiingereza za ugonjwa huo, wakizitafsiri kwa maneno ya kujigamba juu ya dogodogo. Kwenye barabara ya Zambia hakukuwa na mzaha mkubwa. Kati ya mwaka 1990 na 1993 shirika la AMREF lilifanya kazi katika vituo vya malori kando ya barabara hiyo, likiwafundisha madereva na wanawake wa vituoni ili nao wawafundishe wenzao na kugawa kondomu. Ni katika miaka hiyo ambapo doa jeusi likawa tangazo la kifo. Kwa hiyo majirani wa Kilosa hawakubuni kitu. Walichokosea ni kudhani kwamba hadithi ilianzia hapo walipoanza kuiona wao.

Swali lililobaki kwa wataalamu lilikuwa gumu. Ikiwa Kaposi ilikuwapo kabla ya UKIMWI, basi UKIMWI haukuizaa. Na ikiwa UKIMWI haukuizaa, mbona ulipokuja iliwalipukia vijana kama moto wa nyasi kavu? Lazima palikuwapo mtu wa tatu.

Mtu huyo wa tatu alikamatwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mke na mume, Yuan Chang na Patrick Moore. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza ingawa ilikuwa kazi ngumu kuifanya. Walichukua kipande cha uvimbe wa mgonjwa na kipande cha nyama yake isiyo na ugonjwa. Kisha wakaondoa kila kilichofanana katika vipande hivyo viwili, kama mtu anayelinganisha daftari mbili za hesabu za duka moja ili aone kilichozidi. Kilichozidi kilikuwa vipande vya urithi wa kirusi ambacho hakuna aliyekuwa akikijua, cha jamii ya hepesi, kile ambacho leo kinahesabiwa kuwa hepesi ya nane ya binadamu. Kirusi hicho kilipotafutwa kwa wazee wa Ulaya ambao hawakuwa na UKIMWI kikapatikana. Kikatafutwa kwa Waafrika wenye Kaposi ya zamani, nao wakawa nacho. Kilikuwa kimoja kwa wote.

Tena ni kirusi cha zamani sana kwetu. Katika baadhi ya sehemu za Uganda zaidi ya nusu ya watu wazima wanacho mwilini. Huku kwetu wengi hukipata utotoni kwa njia ya mate, ndani ya nyumba, kutoka kwa mama au ndugu. Hapo naomba msomaji utulie kidogo, kwa maana jambo hili linabomoa nusu ya hukumu ya majirani. Mtoto anayetafuniwa chakula na bibi yake hajafanya uasherati na mtu yeyote. Na walio wengi sana kati ya wenye kirusi hiki huzeeka na kufa kwa maradhi mengine bila kupata doa hata moja.

Sasa kirusi hiki hufanya nini ndani ya mwili? Hapo ndipo sayansi ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipofanya kazi nzuri mno, na inastahili tuifuate taratibu.

Tuanze na kinga. Kila seli ya mwili ina utaratibu unaofanana na ule wa balozi wetu wa nyumba kumi. Usiku na mchana hutoa mlangoni vipande vya protini zinazotengenezwa ndani yake, huvibandika kwenye kibao maalumu, na askari wa kinga wanaopita huvikagua. Kikionekana kipande cha mgeni, nyumba nzima hubomolewa. Ni utaratibu mkali, lakini ndio unaotuweka hai. Kirusi cha Kaposi kina protini mbili ziitwazo K3 na K5, na kazi yake ni kung'oa vibao hivyo kutoka mlangoni na kuvipeleka ndani vikasagwe. Jambo hilo lilionyeshwa na maabara za Marekani mwaka 2000. Askari anapita, haoni kibao, haoni mgeni, anaendelea na doria yake.

Mwili nao si mjinga. Unao askari wengine wenye akili tofauti, ambao wakikuta mlango hauna kibao chochote, hapo hapo huingiwa na shaka na kuivamia nyumba. Kirusi kimekwishaliona hilo. Ile K5 huondoa pia vishikizo ambavyo askari hao huvitumia kuikamata seli, hivyo hata wakiwa na shaka mikono yao inateleza. Zipo protini nyingine za kirusi zinazofanana na zile zinazoamrisha king'ora cha mwili, intaferoni, kilie. Hizo za bandia hukaa mahali pa zile za kweli na king'ora hakilii. Mtindo huu wa kuiba ndio desturi ya kirusi hiki. Jeni zake nyingi ni nakala zilizonyakuliwa kutoka kwa wenyeji wake katika zama ndefu zilizopita, kisha zikageuzwa kidogo ili zimtumikie mwizi.

Halafu ipo protini inayoitwa LANA. Hii huufunga urithi wa kirusi kwenye urithi wa seli yetu ili seli ikigawanyika kirusi kisiachwe nyuma. Pamoja na hayo huishika protini yetu wenyewe iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika au kuiamuru ijiue. Seli iliyotakiwa kufa haifi.

Sasa tuje kwenye damu, na hapa watu wa mabonde ya Kilosa wataelewa kuliko mimi. Shamba lililo mbali na mto haliwezi kuwa kubwa kuliko ndoo yako. Ukitaka heka tano lazima uchimbe mfereji. Mwaka 1971 daktari wa Boston, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani nao uko hivyo hivyo. Bila kujichimbia mishipa mipya ya damu hauwezi kupita ukubwa wa milimeta moja au mbili. Wenzake wengi walimcheka kwa miaka, na baadaye wakanyamaza. Mwili una ujumbe wake wa kemikali unaoita mishipa mipya ichipue, nao hutumika kihalali, kwa mfano kidonda kinapopona. Saratani huuiba ujumbe huo.

Lakini katika saratani nyingine mfereji hupelekwa shambani. Katika Kaposi shamba lenyewe ni mifereji mitupu. Kirusi hushambulia seli za ukuta wa ndani wa mishipa, na uvimbe wenyewe ni msongamano wa seli hizo pamoja na vimishipa vingi vibovu vinavyovuja. Damu inayovuja ndani ya ngozi ndiyo iliyompa Kaposi ile rangi ya zambarau aliyoiandika, na kwenye ngozi zetu nyeusi ikaonekana kama doa la lami.

Anayeamrisha uchimbaji huo ni nani? Mojawapo ni protini ya kirusi inayokaa kwenye ngozi ya seli mithili ya kengele ya mlangoni. Kengele zetu za kawaida hulia mtu akibonyeza. Hii iliyoibwa haingoji mtu. Imegandia, inalia mchana kutwa, na kila inapolia seli hutoa ujumbe wa kuita mishipa. Ethel Cesarman, Enrique Mesri na wenzao walilionyesha hilo mwaka 1998. Seli chache tu zenye kengele hiyo zinatosha kuwasumbua majirani wote. Nyingine ni nakala ya bandia ya protini yetu iitwayo intalukini-6. Ya kwetu ikitaka kufanya kazi lazima ipitie vituo viwili vya ukaguzi; ya kirusi inaruka kituo cha kwanza na kwenda moja kwa moja kwa mkubwa. Nayo huchochea mishipa.

Ukiyasoma haya yote waweza kudhani kwamba mtu mwenye kirusi hiki hana pa kukimbilia. Mimi naona kinyume chake. Pamoja na wizi wote huo, K3 na K5 na kengele na hati za bandia, kirusi kinaweza tu kujificha. Maadamu askari wa kinga wapo wa kutosha, hukiweka chini ya ulinzi kwa miaka 60 au 70. Hila zake hutosha kuikwepa doria isiyo na watu, kama jangili wa Mikumi anayengoja siku ambayo askari wa wanyamapori hawapo. UKIMWI ndio uliowaondoa askari. Na haukuishia hapo: mwaka 1990 Barbara Ensoli na wenzake walionyesha kwamba protini moja ya virusi vya UKIMWI, iitwayo Tat, ikitoka nje ya seli huzichochea zile seli za Kaposi zikue. Kwa hiyo virusi vya UKIMWI vilifungua lango la mbuga, kisha vikampa jangili taa. Mzee wa miaka 70 anaweza kufika mahali hapo kwa njia nyingine, kwa kuwa kinga nayo huzeeka pamoja na mwenye nayo. Doria yake hupungua lakini haikomi, ndiyo maana ugonjwa wake hutambaa badala ya kulipuka.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili umetoka kwa watu ambao hawakuwa na UKIMWI wala uzee. Mtu akipandikizwa figo hupewa dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo ya mwenzake, na baadhi yao hutokwa na Kaposi. Huko Italia, wagonjwa 15 wa namna hiyo walibadilishiwa dawa wakapewa nyingine iitwayo sirolimasi, ambayo hulinda figo lakini wakati huo huo huzuia uchipuaji wa mishipa. Taarifa yao ilitoka mwaka 2005. Ndani ya miezi 3 madoa yao yote ya ngozi yalikuwa yametoweka, na figo zikabaki. Dawa hiyo, kwa taarifa yako, ilitoka kwenye vijidudu vya udongo wa kisiwa cha Pasaka, mbali sana baharini upande wa Chile.

Kwa wenye UKIMWI dawa ya kurudisha askari ni ARV. Kule Ulaya na Marekani, tangu dawa hizo zilipoanza kutolewa kwa mchanganyiko mwaka 1996, Kaposi ilishuka kwa kasi. Sisi tulianza kuzipata bure Oktoba 2004, na tangu mwaka 2016 kila anayepimwa na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja CD4 zishuke. Wapo wagonjwa wenye madoa machache ambao kwa ARV peke yake madoa yalififia. Hata hivyo Kaposi bado imo miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume wa Tanzania, na sababu kubwa ni kuchelewa na kuacha dawa.

Juu ya kuacha dawa, sote tunaikumbuka Loliondo ya mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wahudumu wa afya waliomba sana watu wasiache ARV zao, wengine wakaziacha. Sina haja ya kumhukumu marehemu. Ninachosema ni kwamba kirusi kilichokaa chini ya ulinzi miaka thelathini hakisamehi hata miezi michache ya lango lililo wazi. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, wengi wenye kadi za CTC waliingiwa na hofu ya lango hilo hilo kufunguliwa na mtu mwingine, aliye mbali nao.

Lipo na jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu mwenye Kaposi anapoanza ARV, baadhi ya nyakati madoa huvimba na kuongezeka katika wiki au miezi ya mwanzo, kwa sababu askari wanaorudi huanza kwa fujo. Wengi hapo huzitupa dawa wakisema zimewazidishia. Ndilo kosa linaloua. Inatakiwa arudi kwa daktari upesi, naye ataamua kama aongezewe dawa za saratani.

Dawa hizo zipo. Mojawapo iliyotumika kwa miaka mingi katika hospitali zetu ni vinkristini, iliyotokana na kile kimea chenye asili ya Madagascar, chenye maua ya pinki au meupe, ambacho nusu ya wasomaji wangu wanacho uani na hawakijali. Lakini tafadhali usiende kukichemsha, kina sumu. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Malawi, na kutangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa Kaposi iliyosambaa dawa ya paklitakseli pamoja na ARV hufanya vizuri kuliko zile za zamani zilizolinganishwa nayo.

Basi, mama wa Mikumi, baba mkubwa apelekwe hospitali ya wilaya. Apimwe virusi vya UKIMWI, kwa sababu bila kipimo hicho daktari hajui ni Kaposi ipi anayoshughulika nayo. Akikutwa navyo, ARV ndiyo nusu ya kwanza ya tiba. Akikutwa hana, msirudi nyumbani kushangilia na kuliacha doa. Ombeni likatwe kipande kidogo kikapimwe, maana wale 117 wa mwaka 1969 nao hawakuwa na kosa lolote na bado walikuwa wagonjwa. Kipimo kikithibitisha, ataandikiwa barua ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye lile jengo la Wajerumani lililo kando ya bahari ambalo tangu sheria ya Bunge ya mwaka 1996 ni taasisi ya saratani inayojitegemea. Kutoka kwako Mikumi ni karibu kilometa 300 za barabara. Kwa mzee ambaye miguu imevimba ningeshauri aanzie Kilosa, kwa sababu tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita hapo, na ndani yake anaweza kuinyoosha miguu. Achukue barua ya rufaa, majibu ya vipimo, kadi ya bima kama anayo, na mtu mmoja wa kumsindikiza. Vijana wake wakiendelea kuona haya, uende naye wewe.